Afisa wa kliniki anayehamia Dallas: nianzie wapi ili niwe PA?

Kutoka: Kijana wa Navakholo

Habari zenu wakubwa. Mimi ni afisa wa kliniki mwenye diploma ya KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya), niko kituo cha afya hapa Kaunti ya Kakamega. Grinikadi imetoka, na Agosti naenda kwa shangazi Dallas. Yeye anataka nianze na CNA (msaidizi wa muuguzi) kisha nisomee uuguzi kama wengine. Mimi natamani kazi ya PA (physician assistant), yule anayepima na kutibu akishirikiana na daktari. Nimeambiwa kwa kuwa tayari natibu, nikifika nitafanya mtihani wao moja kwa moja. Ni kweli?

Kutoka: Dada wa Nakuru

Mdogo wangu, hongera kwa grinikadi. La mtihani si kweli. Mtihani wenyewe, PANCE, hufanywa na waliohitimu programu iliyoidhinishwa na ARC-PA, shirika linalokagua programu za PA, peke yao, hata uwe umetibu miaka ishirini. Programu hizo ni za uzamili, nyingi huchukua kama miezi 27, na karibu zote hudai shahada kabla ya kukupokea. Kwa hiyo diploma ni mwanzo mzuri, lakini kuna shahada mbele yako, uisomee huko au uijazie nyumbani. Chuo kikuu cha Masinde Muliro, MMUST, kiko hapo Kakamega na kina shahada ya tiba ya kliniki. Kabla ya kukata tiketi, kaulize diploma yako itakupunguzia muda kiasi gani.

Nimewashauri waombaji wa PA kwa miaka mingi, na wa kwetu hawashindwi kwa akili. Wanakwamishwa na makaratasi waliyoyaacha Kenya. Una miezi michache ya kuyashughulikia ukiwa karibu, itumie.

Kwanza transkripti, yaani orodha rasmi ya alama zako za chuo. Shirika la kutathmini vyeti vya nje kama WES hutaka chuo chenyewe kiitume, si wewe uibebe mkononi. Ifuatilie sasa, maana ukiwa Dallas utategemea binamu akupigie foleni ofisini.

Pili, saa zako na wagonjwa. Hapa ndipo una mali. Programu nyingi hutaka saa 1,000 au zaidi za kumhudumia mgonjwa ana kwa ana, na vijana wa Marekani huzitafuta kwa kugeuza wazee vitandani na kuendesha ambulensi. Wewe ukifanya saa 40 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, miaka miwili tu ni saa 3,840 za kupima, kuandika dawa na kushona vidonda. Lakini zisipothibitishwa hazina maana. Omba barua yenye nembo ya kituo, cheo chako, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, na kazi ulizofanya zikitajwa moja moja. "Alikuwa mfanyakazi mwenye bidii" haitoshi. Iwe na simu na barua pepe ya msimamizi.

Tatu, majina. Kama kitambulisho, cheti cha KCSE na pasipoti havifanani hata kwa mpangilio, kula kiapo kwa wakili kabla ya kuondoka.

Ukifika, jiandae kusoma tena anatomia, mikrobiolojia, kemia na takwimu. Najua inauma kurudia uliyofaulu. Lakini CASPA, mfumo wa kuombea nafasi, hauingizi masomo ya nje ya Marekani katika hesabu ya wastani wa alama, na baadhi ya programu hazikubali kozi za nje kabisa. Alama za chuo cha jamii (community college) utakakosomea huko ndizo zitakazokuwa sura yako. Chukua kozi chache kwa wakati mmoja upate A.

Shangazi ana hoja. CNA itakulipa na kukuweka karibu na wagonjwa wakati unasoma, na uuguzi ni njia ya heshima yenye ajira ya mapema. Ila kama unachopenda ni kusikiliza dalili, kufikia utambuzi na kuandika tiba, basi kazi iliyo karibu zaidi na yako ni PA. Mwambie hivyo kwa upole, na umwonyeshe mpango wenye miaka na gharama.

Kutoka: Kijana wa Navakholo

Asante sana dada. Maswali mawili. Msimamizi wangu wa kwanza amestaafu. Na insha nimeanza hivi: "Tangu utotoni nilitamani kusaidia watu." Sawa?

Kutoka: Baba Kondele

Mstaafu bado anaweza kuandika. Mpwa wangu alipata barua mbili, ya mstaafu mwenyewe na ya aliyemrithi, akithibitisha tarehe kutoka kwa faili la wafanyakazi.

Kutoka: Dada wa Nakuru

Baba Kondele amejibu vizuri. Wapendekezaji watatumiwa kiungo na CASPA, kwa hiyo hakikisha mzee ana barua pepe anayoifungua.

Insha, hapana. Una herufi 5,000, nafasi zikihesabiwa. Uliniambia faraghani kuhusu yule mjamzito aliyeletwa usiku kwa bodaboda, presha 180 kwa 120, ukampa magnesiamu na kumsindikiza hadi hospitali ya rufaa. Anzia hapo. Eleza uliona nini, uliamua nini, nani alikuwa zamu nawe, na ni kitu gani hukuweza kumfanyia kwa sababu hukukijua. Hicho ndicho unachokwenda kusomea. Usiandike jina lake wala kijiji chake.

CASPA hufunguliwa mwishoni mwa Aprili, na programu nyingi huita watu kadiri maombi yanavyoingia. Mwaka wako ukifika, tuma mapema. Rasimu nitumie, nitaisoma.