Gion, Kyoto: naingilia wapi, saa ngapi, na picha vipi?

Mwuliza swali: Wakuu, nitakuwa Kyoto, Japani, siku mbili mwezi wa nne. Nataka kufika Gion, mtaa wa geisha, wale wasanii wa kike wa jadi. Niende saa ngapi? Nyumba ya chai wanamotumbuiza wageni, mtu anaingia tu? Na picha je?

Jibu la 1: Panda treni ya Keihan, shuka Gion-Shijo, fuata barabara ya Shijo kuelekea mashariki. Ukifika kwenye ukuta mwekundu wa nyumba ya chai ya Ichiriki, kata kulia: hiyo ndiyo Hanamikoji. Muda mzuri ni saa 11:30 hadi 12:30 jioni, geisha wanapokwenda kazini.

Hanamikoji ni barabara ya umma. Vichochoro vya pembeni ni mali ya wenyeji: picha zilipigwa marufuku 2019, na 2024 vingine vikafungwa kabisa kwa watalii. Faini yeni 10,000. Watalii walikuwa wakiwakimbiza geisha na kuwavuta kimono, vazi lao, ndipo wenyeji wakachoka. Soma kibao kabla hujakunja kona.

Jibu la 2: Kyoto husemi geisha, ni geiko, mwanagenzi wake ni maiko. Maiko ana nywele zake mwenyewe, kola nyekundu, na mkanda wa obi unaoning'inia mgongoni karibu kufika miguuni. Geiko huvaa wigi na kola nyeupe, mkanda wake mfupi. Yule anayepozi mchana kweupe kwa kawaida ni mtalii aliyekodi mavazi. Wa kweli hasimami, ana miadi.

Jibu la 3: Nyumba ya chai huingii, mkuu, bila mteja wao kukutambulisha, hata uwe na fedha kiasi gani. Sababu ni malipo: nyumba hugharamia kwanza chakula, vinywaji na geiko, bili inafuata baadaye. Aliyekutambulisha ndiye dhamana yako. Huna mtu, huna dhamana.

Ila Aprili una bahati. Kuna Miyako Odori, ngoma za geiko na maiko wa Gion Kobu, sehemu mojawapo ya Gion, zilizoanza 1872. Onyesho huchukua kama saa moja. Chukua tiketi yenye chai, ufike mapema, kwani chai hutangulia. Kisahani cha kitafunwa unaondoka nacho. Ndani ya ukumbi hupigi picha.

Mwuliza swali: Asanteni. Na nikikutana na geiko Hanamikoji?

Jibu la 1: Sogea pembeni apite. Usimzibe njia, usimwashie flashi usoni. Majengo piga utakavyo.