Zoezi la usaili nililofanya bure limeingia kwenye kitochi cha mama yangu Tandahimba. Huu ni wizi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, mnivumilie. Anayetaka kuniambia "jiajiri" namwomba asome kwanza hadi mwisho.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kijijini kwetu, wilaya ya Tandahimba, kumsaidia mama kushona magunia. Wa Kusini mnajua miezi hii ilivyo: korosho uani, korosho barazani, hupiti bila kuruka turubai. Mama alikuwa ameshapeleka gunia moja kwenye chama cha msingi cha wakulima asubuhi, karani akamwambia ujumbe utaingia kwenye simu. Ulipoingia akanipa kitochi chake, kile alichokifunga kwa mpira wa baiskeli ili betri isidondoke.

"Baba, hebu nisomee, maandishi madogo haya siyaoni tena."

Nikasoma: "Ndugu mkulima, mzigo wako umepokelewa. Uzito kilo 84, gunia kilo 1, zako kilo 83. Ukiona kilo si zako, rudi kwa karani leo hii."

Nikarudia kusoma kimya. Maneno hayo niliyaandika mimi. Niliyaandika mwezi wa saba, chumbani kwangu Chikongola, Mtwara mjini, saa nane ya usiku, nikimuwaza mama huyu huyu ambaye kila msimu analalamika kilo zake zimepungua na hajui zimepungulia wapi. Karatasi ya maelekezo ilisema "mkulima apate ujumbe wa uthibitisho", basi. Kuyatenga makato ya gunia peke yake, "zako kilo 83", ile "leo hii" mwishoni, hakuna aliyeniagiza. Ni vyangu.

Kampuni ya Dar iliyonipa kazi ile iliiita zoezi la usaili. Baada ya kuipokea iliniandikia kwamba sikufikia kiwango wanachokihitaji kwa sasa.

Ngoja nianzie nyuma ili mnielewe.

Nilikuwa natengeneza mifumo ya kompyuta kwenye kampuni nyingine, nayo ya Dar, nikifanyia kazi hapa hapa Mtwara. Miaka mitatu na miezi minne. Ijumaa usiku, tarehe 26 Januari 2024, ukaingia ujumbe wa WhatsApp: wateja wamepungua, kuanzia Jumatatu usiingie kwenye mfumo. Nilipompigia bosi akanijibu nisichukulie binafsi, "hata Google wamepunguza watu 12,000". Kweli walipunguza, Januari 2023. Ila hakusema kwamba Google hao hao waliwaahidi wafanyakazi wao wa Marekani mshahara wa wiki 16 kama kianzio, na wiki mbili za ziada kwa kila mwaka waliotumikia. Yeye alichukua idadi ya waliofukuzwa tu, malipo akayaacha huko huko.

Na wala hatuhitaji kwenda Marekani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, akae na wafanyakazi wajadiliane kabla hajaamua. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika. Likizo ambayo hukwenda inalipwa. Cheti cha utumishi unapewa. Mimi nilipewa ujumbe wa mistari minne na emoji ya mkono unaopunga.

Kosa langu ni kwamba nilimwamini. Aliniambia mradi mpya unakuja mwezi wa tatu, nitarudishwa, nisikimbilie mambo ya mashitaka. Nikangoja. Nilipokwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi tarehe 7 Machi zilikuwa zimepita siku 41, na shauri la kuachishwa isivyo halali linatakiwa lifikishwe ndani ya siku 30. Nikaelekezwa niombe kwanza kusamehewa ucheleweshaji. Vijana mnaosoma hapa, hizo siku 30 zishikeni kichwani. Ahadi ya "tutakurudisha" kazi yake ni kuzimaliza.

Nikaenda kuulizia fao la kukosa ajira. Ukiwa umechangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, angalau miezi 18 unalipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Nikapeleka hati zangu za mshahara, kila mwezi umekatwa, hakuna uliorukwa. Kwenye kumbukumbu za mfuko imo michango ya miezi 11. Miezi 11 katika 40! Pesa yangu ilikatwa, ikabaki kwa aliyeikata. Basi hata fao lenyewe sikulipata.

Ndiyo nikaanza kutafuta kazi.

Kutafuta kazi ya mifumo ukiwa Mtwara kuna adha ambayo mtu wa Dar haioni. Nafasi zote ziko huko. Tangazo linasema unaweza kufanyia kazi popote, ukifika hatua ya mwisho unaambiwa uje ofisini, nauli juu yako. Mei nikapata usaili wa ana kwa ana, Jumanne tarehe 7. Tiketi nikakata. Jumamosi tarehe 4 kimbunga Hidaya kikaingia, mvua ikabomoa barabara huko Kilwa, Somanga pakakatika, mabasi ya Dar na Kusini yakasimama. Nikawaandikia, nikawatumia na picha zilizokuwa zinazunguka kila mahali. Wakaniuliza kama hakuna njia nyingine. Mwisho wakakubali tuonane kwa video Jumatatu ya tarehe 13. Jumapili ya tarehe 12, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikapata hitilafu, intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikawa ya kuvuta kwa kamba. Sura zao zikawa zinaganda, sauti inakuja vipande. Siku mbili baadaye jibu: mtandao wa Mtwara hauaminiki kwa kazi yetu. Mtandao wa Mtwara! Siku ile Dar yenyewe ilikuwa inahangaika, na wao ni kampuni ya teknolojia, walijua fika kilichotokea baharini.

Kazi za nje nazo nilijaribu. PayPal ya kwetu ilikuwa inakuruhusu kulipa, kupokea hapana. Kuna kazi inakutaka uingie kwa VPN ya mteja, yaani njia yake ya faragha ya mtandao, na tangu Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitaka wanaotumia VPN wajisajili na waeleze wanaitumia kwa kazi gani, mteja wa mbali ukimweleza habari za usajili anahamia kwa mwingine. Sitaki kukaa sana hapo.

Sasa zoezi lenyewe.

Mwezi wa sita mwishoni kampuni hii ikanipigia. Dada mpole, anaongea vizuri, akaniuliza kama nayajua mazingira ya wakulima. Nikamwambia nimekulia kwenye mikorosho. Akafurahi sana. Sasa hivi najua alifurahia nini.

Nikatumiwa karatasi ya kurasa sita. Nikapewa siku nne. Karani wa chama cha msingi aingize jina la mkulima, idadi ya magunia, uzito, daraja. Mfumo wenyewe utoe uzito wa gunia. Uchape risiti kwa ile mashine ndogo ya mkononi. Utume ujumbe kwa mkulima. Ufanye kazi hata pasipo na mtandao, na mtandao ukirudi upeleke kila kitu kwenye seva.

Hilo la mwisho ndilo lililonikesha siku mbili, acha niwaeleze, wenzangu wa fani mtanielewa. Simu ya karani inatuma mzigo, mtandao unakatika katikati. Simu haijui seva imepokea au haijapokea. Ikituma tena, gunia moja linahesabiwa mawili. Isipotuma, gunia la mtu limepotea. Na hili ni gunia la mama wa mtu, msimu wa 2024 kilo moja ilinunuliwa kwa zaidi ya shilingi 4,000, gunia moja likipotea ni ada ya mtoto imekwenda. Nikafanya kila mzigo upewe namba yake ya pekee kwenye simu ya karani kabla haujatumwa popote, seva ikiiona namba ile kwa mara ya pili inaikataa na kujibu "ninao tayari". Nikazima data na kuiwasha kama mara mia kujaribu. Usiku wa tatu umeme ukakatika, nikabeba laptopu hadi mtaa wa Shangani kwa rafiki mwenye sola. (Gesi inatoka kwetu, inachimbwa Mnazi Bay na kusafishwa Madimba, tangu 2015 inasafiri kwenye bomba kwenda kuzalisha umeme Dar, na mimi usiku natembea na laptopu kutafuta mwanga. Hili lina uzi wake.)

Nikakabidhi Jumapili, kabla ya muda. Walitaka niwafungulie hifadhi yangu ya GitHub, mtandao tunaowekea programu tunazoandika, nikawafungulia. Jumatano yule dada akapiga, ana maswali mawili matatu ya "kitaalamu": nywila za mtoa huduma wa ujumbe zinawekwa wapi, na mfumo unahamishwaje kwenda seva nyingine. Nikamwelekeza hatua kwa hatua, saa nzima, bando langu. Wiki iliyofuata ndiyo ikaja barua ya kiwango.

Jamani, anayekupima anataka kujua unavyofikiri. Saa mbili zinamtosha, tena kwa tatizo ambalo yeye mwenyewe ana jibu lake. Anayekuuliza namna ya kuhamisha mfumo kwenda seva nyingine hakupimi, anahamisha.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni mama. Nilipomaliza kumsomea, alitabasamu akasema, "Hawa wa msimu huu wana adabu, wametuandikia mpaka kilo ya gunia." Nikashindwa kumwambia. Ningemwambiaje? Yeye ndiye ananitumia unga na nauli tangu Februari. Anajua mwanawe hana kazi. Kumbe kazi ninayo, inafanya kazi kijijini kwake, anayelipwa ni mwingine.

Jumatatu niliwaandikia kampuni. Wakajibu ndani ya saa moja, mara ya kwanza kunijibu haraka hivyo: mfumo ulitengenezwa na timu yao ya ndani, maneno ya ujumbe ni ya kawaida, mtu yeyote angeweza kuyaandika.

Sawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama maandishi mengine. Kazi niliyoifanya nikiwa mwajiriwa ningeelewa ni ya mwajiri. Lakini mmekataa kuniajiri. Hakuna mkataba niliosaini, hakuna senti mliyonilipa. Kazi ile ni ya nani kama si yangu? GitHub kila badiliko lina tarehe na saa, pamoja na ile ya saa nane usiku yenye maneno "rudi kwa karani leo hii". Risiti ya mama ninayo. Nakwenda ofisi ya hakimiliki, COSOTA, wiki hii, na mwanasheria mmoja hapa Mtwara amekubali kunisikiliza.

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Mmeandika wengi, ahsanteni. Kwa aliyesema "ndivyo soko lilivyo, hamia Dar": mkuu, nikihamia Dar kodi ya chumba nalipa kwa zoezi lipi? Na mfumo huu ungeandikwa vipi na mtu ambaye hajawahi kuona karani anavyotoa kilo ya gunia kwa macho? Wamekuja kunitafuta kwa sababu niko huku.

Kwa aliyeniambia nijiajiri, niviuzie vyama mfumo wangu: vyama tayari wanao. Wameuziwa. Ni wangu.

Kwa anayetaka nitaje jina la kampuni: sitaji hapa, mwanasheria amenikataza, msinilazimishe.

Ninachoomba ni kimoja. Karatasi ile ya maelekezo ilikuwa na kurasa sita, na ukurasa wa kwanza uliandikwa "Sehemu B". Nilipoipokea sikulitilia maanani. Tangu Jumamosi nawaza Sehemu A alipewa nani, na kama kuna C. Kama wewe kati ya mwezi wa nne na wa nane mwaka 2024 ulipewa zoezi la usaili linalohusu kusajili wakulima, makato au malipo ya mazao, ukafanya ukaambiwa hukufikia kiwango, andika hapa chini tarehe na ulichotakiwa kutengeneza. Jina la kampuni usiweke. Karatasi yako usiifute.