MF 135: plau linanyanyuka oili ikiwa baridi, ikipata moto linachezacheza na kushuka

ShambaNiMali:
Habari wakuu. Nina trekta, Massey Ferguson 135 ya zamani, ile ya klachi mbili. Asubuhi inanyanyua plau la diski mbili bila shida. Ikishafanya kazi saa moja hivi, mikono ya nyuma ya kunyanyulia inapanda kwa kusuasua, na plau likifika juu halitulii: linashuka kidogo, linarudi juu, linashuka tena, mfululizo. Nikizima injini linafika chini baada ya dakika mbili tatu. Bila plau mikono inapanda kawaida. Nimeambiwa pampu imekufa ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela, nathibitishaje?

SpanaMkononi:
Pampu iache kwanza. Injini ikizimwa, kinacholishikilia plau ni oili iliyofungiwa kwenye silinda. Likishuka, ujue oili inatoroka mahali fulani. Huko kuchezacheza ni ugonjwa huohuo: mikono ikishuka kidogo, mitambo ya ndani inaihisi na kufungua valvu, pampu inajaza, oili inavuja tena. Hesabu linacheza mara ngapi kwa dakika, kwa sababu kadiri linavyocheza haraka ndivyo uvujaji ulivyo mkubwa. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi na kupita kwenye mwanya ambao asubuhi ilishindwa kupita. Kwa hiyo malalamiko yako yote yanaweza kutoka kwenye tundu moja.

Kabla ya spana, kagua haya. Pima oili trekta likiwa sehemu tambarare na injini imezimwa. Gia boksi na haidroliki zinatumia oili moja, inaingia kama lita 30, lakini amini kijiti kuliko namba. Ikipungua, pampu inavuta hewa na oili inatoa povu. Pili, pampu inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayoendesha mashine zinazofungwa nyuma ya trekta: lever ya PTO ikiwa nyutro hakuna kitakachonyanyuka, na klachi ukiikanyaga hadi mwisho pampu inasimama. Tatu, ukitumia lever ya kupandisha na kushusha, ile nyingine ya kupima mvuto wa udongo iwe juu kabisa. Ikiachwa chini inazuia mikono isipande, na watu wengi wamefungua trekta bure kwa sababu hiyo tu.

Oili yako ina rangi gani?

ShambaNiMali:
Iko kwenye alama, ila imekuwa kama chai ya maziwa. Lever zote ziko sawa. Mpira wa lever ya gia umepasuka.

GiaYaTatu:
Basi maji ya mvua yamepita hapo kwenye mpira. Ukibadilisha oili bila kubadilisha mpira, masika yakija utarudi palepale.

Mwaga oili ikiwa ya moto, fungua nati zote za chini, ya gia boksi na za kwenye difu, uiache ichuruzike usiku kucha. Fungua kifuniko cha ubavuni. Chini utakuta tope la kijivu. Litoe kwa mkono na kitambaa kisichoacha nyuzi, halafu suuza kwa dizeli. Usiwashe injini pampu ikiwa kwenye dizeli tupu, inahitaji oili kujilainisha. Safisha na chujio la pampu. Likiziba utasikia pampu inalia kama inasaga mchanga, na kupanda kunakuwa kwa kusuasua hata kama hakuna kinachovuja.

Ukiwa hapo, sukuma valvu ya kuongozea oili iliyopo kwenye pampu. Inatakiwa iteleze mbele na nyuma kwa kidole. Ikikwama, au ukiona kutu na mikwaruzo, tayari una mshukiwa mmoja.

DiskiTatu:
Weka oili nzito ya gia namba 140, itaziba. Wengi wanafanya hivyo.

SpanaMkononi:
Itaziba wiki mbili, kisha utalipa mara mbili. Oili nzito hivyo pampu inashindwa kuivuta asubuhi, na ikikosa oili inajila yenyewe. Weka oili ya trekta inayofaa gia na haidroliki kwa pamoja, kwenye dumu imeandikwa UTTO.

ShambaNiMali, sasa tafuta tundu lenyewe. Acha kifuniko cha ubavuni wazi, jaza oili mpaka chini kidogo ya ukingo wa tundu. Pampu iko chini kabisa, bado itavuta. Nyanyua plau, zima injini, ndipo umulike ndani kwa tochi. Mkono usiingie injini ikiwa inanguruma, na mtu yeyote asisimame karibu na plau, kwa sababu tunataka lishuke. Oili ikidondoka kutoka juu, kwenye mdomo wa silinda, ni ringi au oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya pistoni, au silinda ina ufa. Ikirusha pembeni mwa bomba fupi la wima linalotoka kwenye pampu, ni oringi za bomba hilo, na hizo ni bei ya soda. Ukiona inachemka kuzunguka pampu chini, hapo ndipo valvu au pampu yenyewe inalaumiwa.

GiaYaTatu:
Plau likishika vizuri lakini bado linapanda kwa taabu, funga geji ya psi 5,000 kwenye plagi ya kofia ya juu ya bomba hilo, oili ikiwa ya moto. Presha ikiwa ndogo, chujio ni safi na hakuna kinachovuja, hapo angalia valvu ya kuachia presha, kisha pampu.

ShambaNiMali:
Nimemulika. Inadondoka kutoka juu, kwenye silinda. Bomba ni kavu.

SpanaMkononi:
Pampu umeiokoa. Kifuniko cha juu lazima kitoke, maana silinda imefungwa chini yake. Teremsha mikono hadi mwisho, toa kiti, toa topu linki (fimbo ya juu inayoshika plau) na fimbo zinazounganisha mikono ya juu na ya chini. Kisha fungua ile kofia na uchomoe bomba la wima kwanza. Ukinyanyua kifuniko bomba likiwa ndani, utavunja bomba au kupasua makao yake kwenye pampu. Usinyanyue kwa mikono, tumia mnyororo na kapi. Ni chuma kizito na vidole vinakatika.

Chomoa pistoni na uende nayo dukani, kwa sababu zipo za ringi za chuma na zipo za oringi yenye mkanda wa kuiegemeza. Pitisha ukucha ndani ya silinda: ukinasa kwenye mkwaruzo, oringi mpya haitadumu, badilisha silinda. Ufa mwembamba utauona ukiifuta ikauka, ukapaka dizeli, ukafuta tena na kusubiri.

Wakati wa kurudisha, weka gasketi mpya na oringi mpya za bomba hata kama za zamani zinaonekana nzima. Mtu mmoja achungulie kwenye tundu la ubavuni na kuelekeza lever zinazoning'inia chini ya kifuniko, zikae mahali pake kwenye valvu ya pampu. Zikikaa nje, utafunga kila kitu na mikono haitasikia lever. Kaza boliti kwa kukatiza pande, washa kwa silensa, yaani injini ikizunguka polepole bila mafuta ya kukanyaga, nyanyua na kushusha mara kadhaa bila plau, kisha pima oili upya, itakuwa imeshuka.