Naomba ushauri: nakwenda kwenye maonyesho ya sanaa za nguo na ususi hapa Tanga, nitakutanaje na mafundi wenzangu?

MsusiNgamiani:
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni msusi wa vikapu vya katani, naishi Ngamiani, na kazi hii naifanya nyumbani peke yangu, bila kikundi wala mwalimu wa karibu. Wiki ijayo hapa mjini kutakuwa na maonyesho, na nimesikia watakuwepo watengenezaji wa batiki, washonaji wa kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, na wasusi wa ukindu kutoka Pangani. Nina hamu kubwa ya kwenda, ila sitaki kuzunguka meza zote, nisifie kazi za watu, kisha nirudi bila kumfahamu hata mmoja. Je, ni adabu kushika kazi ya mtu na kuigeuza nione ilivyofungwa? Nibebe kikapu changu, au nitadhaniwa nimekuja kuuza bila kulipia meza? Jambo linalonisumbua zaidi ni rangi: katani yangu hushika kwa mabaka, nyuzi nyingine zikakolea na nyingine zikabaki zimepauka. Ningependa kuwauliza wazoefu, lakini nachelea wasije wakaona ninachunguza siri za biashara yao.

BiUkili:
Mwanangu, nenda na kikapu, tena kile ambacho hujakimaliza. Ukitoa kikapu kilichokamilika mbele ya meza ya mtu, ataona umekuja kushindana naye. Lakini kikapu ambacho nyuzi zake bado zinaning'inia humfanya fundi anyooshe mkono mwenyewe akitazame. Kuhusu kushika, omba kwanza, na mikono yako iwe mikavu na safi, kwa kuwa kofia nyeupe hushika uchafu upesi na ukindu mwembamba huvunjika ukikunjwa vibaya. Ukiruhusiwa, tazama upande wa chini wa mkeka, mahali ukili mmoja, yaani utepe uliosukwa, ulipounganishwa na mwingine. Uzi unatakiwa upite kwenye kingo kwa mwendo mmoja bila kukazwa mno, maana ukikazwa mno mkeka hujivuta na haulali sakafuni. Mwambie aliyeushona kwamba umeuona mshono wake. Hayo ndiyo maneno tunayoyangojea siku nzima, na ni wachache sana wanaotuambia.

NtaNaRangi:
Dada, nakubaliana na Bi. Hofu yako ya kuuliza ni kubwa kuliko inavyostahili. Sisi wa batiki huulizwa mara kwa mara namna ya kupata ile mistari myembamba kama mishipa, nasi hueleza bila kinyongo: nta ya mshumaa ni kavu, hivyo kitambaa kikifinywa inapasuka na rangi hupenya kwenye nyufa, ilhali nta ya nyuki ni laini na hushikamana na nguo, kwa hiyo tunazichanganya kulingana na nyufa tunazozitaka. Kinachotuumiza ni mtu kupiga picha ruwaza zetu bila ruhusa, kisha tukazikuta zimeigwa sokoni, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda hata kazi za sanaa za mikono. Fika asubuhi kabla wateja hawajajaa, na mteja akija katikati ya mazungumzo, sogea pembeni umwachie fundi nafasi ya kuuza.

KoronaMuheza:
Dada, nimefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, naomba nikusaidie upande wa rangi. Singa, yaani nyuzi za katani, zinazotoka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, huwa bado na mabaki ya utomvu na nta ya jani, na hayo ndiyo yanayozuia rangi kuingia sawasawa. Ziloweke usiku kucha, zichemshe kwa maji ya sabuni ya mche, zisuuze mpaka maji yatoke safi, kisha zitie kwenye rangi zikiwa bado zimelowa. Fungu lisikazwe, na uligeuzegeuze muda wote, la sivyo nyuzi za nje zitakunywa rangi na za ndani zitabaki zimepauka. Anika kivulini. Na tafadhali usiionee haya katani mbele ya batiki na kofia: Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliuleta mkonge hapa kwetu mwaka 1893, miche 62 tu ikasalimika kati ya ile aliyoiagiza kutoka Florida, na mkoa wetu ukajulikana duniani kwa zao hilo. Inanisikitisha kwamba wengi wetu bado tunaona katani ni ya kamba na magunia tu.

MsusiNgamiani:
Nawashukuru sana. Nitakwenda asubuhi na kikapu kilichofika nusu, na katani nitaanza kuiloweka leo usiku. Limebaki moja: nawezaje kuendelea kuwasiliana nao baada ya maonyesho, bila kumsumbua mtu kwa kumwomba namba ya simu mara tu tunapokutana?

BiUkili:
Chukua na kamba chache za katani ulizosokota mwenyewe. Wasusi wa vikapu vya ukindu hutafuta kamba imara za vishikio, na nyingi zinazouzwa madukani huchubua mabega. Mpe mmoja wao kipande akakijaribu, umwambie kwamba ungependa kujua kimeshikaje. Namba atakupa mwenyewe, ili akueleze.