Niondoke kabla au baada ya intanshipu? Naomba ushauri

Kijana wa Zamu
Wakuu, shikamooni mliotutangulia. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari, nimebakiza miezi minane. Nataka ubingwa wa magonjwa ya ndani nje ya nchi, ila sijaamua kati ya Marekani na Uingereza. Rafiki zangu wananiambia nikivua joho tu nipande ndege, eti intanshipu, ile kazi ya mafunzo hospitalini baada ya kuhitimu, ni kupoteza mwaka. Baba anataka nifanye kazi miaka mitatu kwanza, "ujue kumshika mgonjwa". Kila nikifungua kitabu naishia kupiga hesabu pembeni ya ukurasa: nikienda sasa nina 26, nikimsikiliza mzee nina 30. Niondoke lini?

Bundi wa Wodini
Intanshipu usiiruke, mdogo wangu. Uingereza, baraza lao la madaktari (GMC) linadai miezi 12 mfululizo, na ndani yake angalau miezi mitatu ya magonjwa ya ndani na mitatu ya upasuaji. Ukifaulu PLAB zote mbili (mitihani yao kwa madaktari waliosoma nje) bila hiyo, usajili kamili utakusumbua. Namjua mmoja alihamishwa upasuaji wiki ya nane kwenda kuziba pengo idara nyingine. Hakulalamika, akaona afadhali apumue. Alikuja kulia baadaye. Kwa hiyo siku ya kwanza angalia ratiba yako ya mzunguko, na kila ukitoka idara dai barua yenye tarehe na muhuri.

Mzee wa Makaratasi
Umri achana nao. Kinachooza ni karatasi. Mimi nilikimbilia IELTS, mtihani wa Kiingereza, mapema kwa mbwembwe, nikapata 7.5 kwa jumla na hakuna sehemu iliyoshuka chini ya 7, kama GMC wanavyotaka. Nikatembea kifua mbele. Matokeo yale yanadumu miaka miwili. PLAB 1 nikaanguka, nikarudia, nikapita. PLAB 2 inafanyikia Manchester tu, nafasi nikaisubiri, viza nayo ikajivuta. Siku ya kuomba usajili naitoa karatasi kwenye bahasha: imepitwa kwa siku 11! Nikarudi chumba cha mtihani kuandika insha ya faida za usafiri wa umma, daktari mzima, nimekaa katikati ya watoto waliotoka sekondari juzi.

Kiingereza kinatakiwa kabla ya kujiandikisha PLAB 1, kwa hiyo kifanye ukiwa tayari kwenda mbele bila kusimama.

Dada Stetoskopu
Marekani saa yao ni nyingine kabisa. Rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa, inaanza Julai, majibu ya Match (mfumo wa kupanga waombaji hospitalini) yanatoka Machi, maombi yanapelekwa Septemba ya mwaka uliotangulia. Ukikosa Septemba, umekosa mwaka mzima, hata kama umechelewa kwa sababu ya barua moja ya mapendekezo.

Na hapa ndipo miaka mitatu ya baba inapouma. Kuna programu zinazoweka kando waliohitimu zaidi ya miaka mitano iliyopita. Toa mitatu ya kazi, toa muda wa kusomea Step, mitihani yao ya leseni, unabaki na nini? Tangu 2022 Step 1 haina alama, ni kufaulu au kufeli, hivyo uzito umehamia Step 2 CK, ule wa maarifa ya kutibu. Step 1 ifanye sasa ukiwa bado mwanafunzi, baiokemia ingali kichwani. CK iandae ukiwa intanshipu, wagonjwa wenyewe watakufundisha nusu yake.

Mvua za Vuli
Mimi nampinga Dada kidogo. Nilifanya kazi miaka miwili kabla ya kuondoka na sijuti. Nilidhani nataka upasuaji. Usiku mmoja wa kushika ndoano za kuweka kidonda wazi kwa saa sita ulinijibu. Bora nilijua kabla ya kulipia mtihani wowote. Ila kama huyu ameshaijua fani yake, asikae.

Kijana wa Zamu
Asanteni sana. Basi Step 1 kabla ya mtihani wa mwisho, intanshipu yote, nalenga Septemba ya kwanza baada ya hapo. Nimemchorea baba kwenye kalenda. Kanyamaza, kisha kauliza kama mwaka mmoja unatosha kujua kumshika mgonjwa. Sikuwa na jibu.

Bundi, ile barua asaini mkuu wa idara au mkurugenzi wa hospitali?

Bundi wa Wodini
Wote wawili. Na anza na anayekaribia kustaafu.