Tupeane uzoefu: TV ya rangi iliyokugomea ulipoiwasha

Wakuu, vijana wa sasa wananunua flati wanachomeka wanaangalia, mambo ya PAL, SECAM na NTSC (mifumo mitatu ya zamani ya kurusha TV ya rangi, TV ya mmoja haielewi mwingine) hawayajui kabisa. Naanza mie.

Zanzibar tulikuwa na TV ya rangi toka miaka ya 70 mwanzoni, Bara wenzetu stesheni wamekuja kuzipata 1994 (samahanini lakini ndo ukweli). Ammi akarudi Maskati na TV inchi 20, majirani wamejaa ukumbini, tunawasha, picha safi, rangi tele, sauti hamna, shhhhhh tu mpaka taarifa ya habari ikaisha. Fundi akaja akacheka, anasema zote PAL ila yetu ya Kiingereza, sauti inakaa megahezi 6 juu ya picha na hii inaitafuta 5.5. Akatoa kidude cha miguu mitatu, si kikubwa kuliko punje ya mahindi, akachomelea kingine, akapindua koili kwa bisibisi ya plastiki, mtangazaji akasema. Bibi alipiga kigelegele.

Mchangiaji 2: Miye wa Uvira, Kongo. Huku ilikuwa SECAM kama Bujumbura, baba alileta TV toka Dar, ya rangi kabisa, tukaangalia bubu tena nyeusi na nyeupe. Watoto wa jirani walituchekaa!

Mchangiaji 3: Bro alitutumia mkanda wa harusi yake toka Houston, deki yetu PAL, bibi harusi anapanda juu kama lifti, anatokea chini, anapanda tena. Mama akauliza kwani wanaoana hivyo huko.

Mchangiaji 4: @3 NTSC hiyo, mistari 525 picha 30 kwa sekunde, sisi 625 na 25, haviwezi kuelewana. Wamarekani waliwahi, 1953, ila rangi ilikuwa inayumba, mtu sura inageuka kijani unainuka kwenda kuzungusha kitufe. Mjerumani Walter Bruch akaja na PAL, rangi inageuzwa kila mstari wa pili ili makosa yajifute yenyewe. Mfaransa naye hataki cha mtu, akaja na SECAM. Zote mbili zikaingia hewani 1967, na nchi zetu nyingi, ila si zote, zikarithi kufuata aliyezitawala.

Mchangiaji 5: Mie ya Marekani niliichomeka ukutani bila transfoma, yenyewe 110 huku 240. PAL wala NTSC sikufika huko, nilifikia moshi

Mchangiaji 2: @5 😂😂 pole sana ndugu