Mwanafunzi kaniomba nisimwambie mtu. Nifanyeje?

MwalimuWaHesabu
Walimu wenzangu, naombeni msaada. Nafundisha hesabu, na tangu muhula huu nimekabidhiwa pia ushauri nasaha. Nina binti wa miaka 15. Zamani hakuna swali lililopita bila yeye kunyoosha mkono. Sasa wiki ya tatu analalia dawati mpaka kengele. Jana nikisahihisha nimekuta ukurasa wa mwisho wa daftari lake kaandika sentensi moja mara kumi na moja: "Nimechoka kuwepo." Hesabu za mbele kapata zote. Nilipomwita alilia, akaniomba nisimwambie mtu, hasa mama yake. Nikataka atulie, nikakubali. Usiku kucha sijalala. Nikisema, hatanifungukia tena. Nikinyamaza je?

Mnasihi
Pole sana, Mwalimu. Ahadi hiyo huwezi kuitimiza, na jambo hili ni la leo. Siri yetu ina mipaka: mtoto akiwa hatarini kujidhuru, akitaka kumdhuru mwingine, au akifanyiwa ukatili. Mimi huyataja hayo mwanzoni kabisa, kabla mtoto hajaanza kueleza.

Mwite tena, mwambie ulikosea kuahidi. Kisha uliza kwa neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Tunaogopa eti tutampa wazo, hatumpi, na wengi hupumua wakiulizwa. Kama ana mpango, asibaki peke yake hata dakika moja mpaka akabidhiwe kwa mtaalamu wa afya. Na hilo "hasa mama" ulichunguze. Kama nyumbani ndiko anakoumizwa, mtafutieni mtu mzima mwingine wa kumsimamia. Kama siyo, mwachie achague nani amweleze mama, na kwa maneno gani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa hiyo huenda kuna wengine humo darasani.

MzaziWaWawili
Mwalimu, chonde, msimwite mama kama mshitakiwa. Mimi nilikuta walimu watano mezani, daftari la mwanangu likipita mkono kwa mkono, naye kasimama mlangoni anaangalia. Aliyetuokoa ni mwalimu mmoja aliyenivuta pembeni akauliza, "Usiku analala?" Halali, nikamwambia; nilidhani ni simu. Wao walimwona anasinzia darasani wakadhani ni uvivu. Miezi miwili kila upande ulishika nusu yake.

MwalimuWaHesabu
Asanteni. Nimemwita kabla ya kipindi cha kwanza. Nimeuliza kwa neno lile lile, sauti ikinitetemeka. Kasema amewahi kuwaza, mpango hana. Mama hamwogopi, anaogopa kumwongezea mzigo, maana baba anaumwa. Tumeandika pamoja cha kumwambia. Nilipoandika "tatizo" kalifuta, kaweka "uchovu". Mama amefika saa sita, wameondoka pamoja kwenda kumwona daktari. Mwalimu wa darasa nimemwambia moja tu: akimkuta amelala, asimfokee.

Swali langu la mwisho: atakaporudi, wenzake wakiuliza alikuwa wapi, tuwajibu nini?

Mnasihi
Muulize yeye anataka wajue nini. Mwalimu wa darasa naye ajibu hivyo hivyo, bila kuongeza neno.